Sikio la sungura limekaa tumboni? Liache

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa chekechea iliyo chini ya kanisa. Darasani nina watoto 19. Mdogo kabisa ametimiza miaka mitatu juzijuzi, mkubwa anakaribia sita. Kila Pasaka huwa tunatengeneza vitu vya kupeleka nyumbani, na ukweli ni kwamba mwenye kuvitengeneza ni mimi. Mwaka jana nilikesha siku tatu nikikata masikio ya sungura. Watoto walikuwa 17, kwa hiyo masikio 34, Shangazi, achilia mbali mikia na macho. Kazi ya watoto ilikuwa kupaka gundi na kubandika pale nilipokwisha kuweka alama ya penseli.

Sasa mtoto mmoja, wa miaka minne wakati huo, akabandika sikio moja tumboni. Nikalibandua, nikalirudisha kichwani, nikampa sungura wake. Akamtazama, akasema, "Huyu si wangu," akamwacha mezani. Akaenda nyumbani mikono mitupu. Mama yake alidhani nimemnyima. Nikamweleza, tukacheka, yakaisha. Kwangu hayajaisha. Sungura mwenyewe bado ninaye kabatini.

Mwaka huu zimebaki wiki tatu kufika Pasaka. Nimetazama picha mtandaoni mpaka macho yakauma. Kila moja imeandikwa kuwa ni rahisi, lakini ukiichunguza unaona kuna mtu mzima nyuma yake aliyekata, akachora, akanyoosha. Nilivyonavyo ni karatasi za kawaida, manila chache, gundi nyeupe, rangi za maji, krayoni, na mikasi sita ambayo miwili kati yake haikati hata hewa. Msaidizi ninaye mmoja.

Halafu kuna wazazi. Mmoja alinifuata akasema hataki mambo ya sungura na mayai kwa sababu hayamo kwenye Biblia. Wiki hiyohiyo mwingine akaniambia misalaba na makaburi yatawatisha watoto. Nimsikilize nani? Nilikuwa nafikiria pia kupaka rangi mayai halisi. Je, inawezekana kwa umri huu, au najitafutia balaa?

La mwisho naona haya kuliuliza. Yule mtoto bado yuko darasani kwangu. Juzi nilipotaja Pasaka aliniuliza, "Utabandua tena?" Nilijifanya sikusikia. Nimjibu nini?

Mwalimu wa Masikio

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nilipofika kwenye yale masikio 34 niliweka barua chini nikacheka, maana mimi nilikuwa na mabawa. Mabawa ya vifaranga, ya manjano, jozi kwa jozi, miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha. Nilikuwa nayapanga kwenye bahasha zenye majina ya watoto. Siku ya kubandika ilichukua dakika nne, kisha wakaniuliza kama sasa wanaweza kwenda kucheza. Nilikaa na zile bahasha tupu nikapiga hesabu ya usiku wangu na dakika zao nne. Mwaka uliofuata sikukata bawa hata moja.

Wengi wetu huchagua kazi kwa kutazama picha ya kitu kilichokwisha kutengenezwa. Tazama kwanza mikono. Mtoto wa miaka mitatu hushika krayoni kwa ngumi, na mkasi kwake ni wa kudonoa ukingo wa karatasi, bila kwenda mbali. Akifika minne hivi huanza kuufuata mstari ulionyooka. Duara hulipata akiwa na mitano, nalo hutoka na kona. Sasa sikio la sungura lina pinde mbili zinazokutana kwenye ncha. Hiyo ni kazi ya mtoto wa miaka sita na kuendelea, ndiyo maana uliikata wewe.

Lakini huyohuyo wa miaka mitatu anajua mengi. Anajua kuchana, kufinya, kubonyeza, kugonga, kukanda, kumwaga, kupaka, kubandika. Andika vitenzi hivyo kwenye karatasi uviweke mezani kwako. Ukikutana na kazi ya Pasaka iliyoandikwa "rahisi", isome kwa vitenzi vyake tu. Ikiwa nusu ya hatua zake ni "kata kwa kufuata mstari", iache ipite, hata kama picha yake inapendeza vipi.

Nianze na ile ninayoipenda kuliko zote, na vifaa vyake tayari unavyo: picha iliyofichika. Mpe mtoto karatasi nyeupe na kipande cha mshumaa mweupe, au krayoni nyeupe. Achore chochote, kwa nguvu, mpaka mkono uchoke. Hakionekani kitu. Watoto wengine watakuambia mshumaa umeharibika. Waambie wangoje kesho. Kesho yake wape rangi za maji na brashi pana, wapake karatasi nzima. Nta haikubali maji, kwa hiyo rangi inakimbia pale mshumaa ulipopita, na mistari ya jana inajitokeza myeupe katikati ya bluu au zambarau. Nimewaona watoto wa miaka mitatu wakishusha brashi na kutazama ukurasa kimya kabisa, jambo ambalo si la kawaida kwao.

Mambo mawili huiharibu kazi hii. La kwanza ni rangi nzito: ikiwa nzito itafunika na nta yenyewe, basi izimue mpaka iwe kama maji uliyooshea brashi. La pili ni mtoto kupitisha mshumaa kwa mkono mwepesi. Weka gazeti chini ya karatasi, umwambie "sugua mpaka meza isikie". Ukitaka iwe yai, kata umbo la yai baada ya rangi kukauka. Panga karatasi nne pamoja ukate mara moja, na kwa watoto 19 utakata mara tano tu. Mkato huo mmoja nakuruhusu. Ukitaka uwe msalaba, wakubwa wenye miaka mitano wanaweza kuuchora wenyewe kwa mshumaa, mstari wa kusimama na wa kulala, na wadogo wajaze pande zote kwa mikwaruzo yao.

Ujanja huohuo ndio wanaoutumia Waukraine kwenye mayai yao maarufu, pysanky. Huchora juu ya ganda kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, wakalizamisha yai kwenye rangi nyepesi, wakaongeza nta, wakalizamisha kwenye rangi nzito zaidi, hivyohivyo, na mwisho huiyeyusha nta yote rangi zikatokea kwa pamoja. Watoto wako watakuwa wanafanya kazi ya ukoo mmoja na hiyo, bila moto.

Ya pili ni kiazi. Kikate katikati kwa urefu: tayari una umbo la yai, hukuchora wala hukupima. Kwa upande wa mgongo chonga kishikio ili vidole vidogo vipate pa kukamata, kisha kaushe uso wake kwa kitambaa, kwa sababu kiazi kilichotoka kukatwa kina maji na rangi huteleza. Usimimine rangi kwenye sahani na kuwaachia wachovye. Lowesha sponji kwa rangi nzito, iweke kwenye sahani, wabonyeze kiazi juu yake kama muhuri juu ya kidau cha wino. Watagonga mayai kwenye karatasi nzima, moja juu ya jingine. Yakikauka, kesho yake wanaweza kuyapamba kwa krayoni. Au wasiyapambe. Hapa niseme pia kwamba uma wa mezani uliochovywa kwenye rangi ya manjano na kugongwa kuzunguka duara huacha alama kama manyoya ya kifaranga, na hapo ndipo mabawa yangu ya zamani yalipozikwa.

Kipepeo hakihitaji maelezo marefu: matone ya rangi upande mmoja wa karatasi, kunja, papasa, kunjua. Nakitaja kwa sababu kinabeba habari ya Pasaka bila kuisukuma. Kiwavi alilala kwenye kifuko chake kama aliyekufa, akatoka akiwa na mabawa. Mtoto wa miaka minne huielewa hadithi hiyo haraka kuliko mahubiri.

Sasa nije kwenye kaburi, kwani nadhani ndilo litakalokupa kazi nzuri kuliko zote, na ndilo linalomtia hofu yule mzazi wa pili. Hofu yake si ya kupuuza. Misumari, damu na taji la miiba si vitu vya kumwekea mtoto wa miaka mitatu mezani, na mimi siviweki. Lakini Injili zote nne zinasimulia asubuhi ya Jumapili: wanawake wanafika mapema, na jiwe limeondolewa. Anzia hapo. Katika miaka yangu yote sijaona mtoto mdogo aliyeogopa jiwe lililoondolewa mlangoni. Wanachotaka ni kulirudisha na kuliondoa tena, mara mia, wakifungua na kuchungulia: "Hayumo!"

Litengeneze hivi. Chukua sahani ya karatasi, uikate nusu. Ukiisimamisha kwa upande wa mkato inakuwa kama pango. Wewe toboa mlango. Watoto wachane karatasi za kijivu, za kahawia, hata magazeti, vipande vikubwa vikubwa, wabandike mpaka sahani isionekane tena. Kuchana ndiyo mazoezi ya mkasi kwa mtoto ambaye hajauweza: vidole vya mikono miwili vinavuta kila kimoja upande wake, na msuli unaojengwa hapo ndio utakaoshika penseli. Jiwe ni gazeti lililofinywa kuwa mpira na kuzungushiwa selotepu kidogo, likapakwa rangi ya majivu. Usilibandike. Likibandikwa, mchezo umekwisha.

Kwa gundi, wape kwenye vifuniko vidogo vya chupa, kila mtoto na chake, na kijiti cha pamba cha kupakia. Ukiwapa chupa nzima watamimina ziwa. Mimi huwaimbia "nukta, nukta, si ziwa" na inasaidia kwa dakika kadhaa.

Kama una nafasi ya kazi moja ya darasa zima, badala ya vitu 19 vya kukauka kwenye kila dirisha, panda bustani ya Pasaka. Trei pana, udongo, kikombe kidogo kilicholazwa na kufukiwa nusu kiwe pango, jiwe la kweli mlangoni, na pembeni kilima chenye misalaba mitatu ya vijiti vilivyofungwa uzi. Loweka ngano usiku mmoja, watoto waimwage juu ya udongo kwa viganja vyao, tele, wala usihangaike na mistari. Panda siku kumi kabla ya Pasaka, yaani Alhamisi inayotangulia Jumapili ya Matawi, na kwenye joto la kawaida la darasani majani yatakuwa yamesimama Jumapili yenyewe. Adui wa bustani hii ni upendo. Watoto 19 wakimwagilia kila mmoja kwa kikombe, mbegu zitaoza kabla ya Ijumaa Kuu. Tafuta chupa ya kupulizia maji, na kila siku wawe wapulizaji wawili tu, kwa zamu iliyobandikwa ukutani. Ijumaa Kuu jiwe liwe mlangoni. Jumapili wakifika wakute limekaa kando. Usiwaambie nani kaliondoa, waache wabishane.

Msalaba wa kupeleka nyumbani, ukiutaka, ufanye kwa unga wa chumvi. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi laini, na maji karibu kikombe kimoja ukiongeza kidogo kidogo mpaka donge lisishike mikononi. Wao wakande. Mtoto wa miaka mitatu ambaye hawezi kukata msalaba anaweza kuviringisha nyoka, na nyoka wawili wakilazwa mmoja juu ya mwenzake ni msalaba. Bonyeza pale wanapokutana, toboa tundu la uzi kwa mrija, acha vikauke siku kadhaa au uvitie kwenye oveni ya moto mdogo, nyuzi 100 hivi za Selsiasi, kwa muda wa saa mbili hadi tatu. Visiwe vinene kuzidi nusu sentimita, vitapasuka. Na ulinde midomo: unga mbichi si wa kuliwa, na chumvi ya kiasi hicho ni hatari kwa mtoto atakayeumega na kuumeza, na kwa mbwa wa nyumbani pia. Waambie wazazi kuwa hilo ni pambo.

Umeuliza kuhusu mayai halisi. Inawezekana, ila si kwa watoto 19 mara moja. Wanne mezani na msaidizi wako, wengine nawe kwenye kazi nyingine, mpaka zamu ziishe. Mayai yawe yamechemshwa yakaiva kabisa na kupoa. Kwa kila rangi changanya nusu kikombe cha maji moto, kijiko kidogo cha siki na matone ya rangi ya chakula, na uyaache maji yapoe kabla watoto hawajakaribia. Siki si mapambo: ganda la yai ni kalisi kaboneti, asidi hulila kidogo sana kwa juu, na rangi hupata pa kushika. Utaona viputo vidogo. Waonyeshe, ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka. Kabla ya kuzamisha, waache wachore juu ya ganda kwa krayoni. Nta ya krayoni itakataa rangi, na wale waliofanya picha iliyofichika watapiga kelele kwamba wanaijua siri hiyo.

Ukiwa na subira, chemsha maganda ya vitunguu yakupe hudhurungi inayoelekea wekundu, binzari ya manjano ikupe njano, na kabichi ya zambarau ikupe bluu. Ndiyo, bluu. Hata mimi sikuamini mpaka nilipoliacha yai humo usiku kucha ndani ya jokofu.

Masharti yake ni machache lakini usiyalegeze. Waulize wazazi mapema kama kuna mtoto anayedhuriwa na mayai. Mkipata hata mmoja, fanyeni ya karatasi wote. Yai litakaloliwa lisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili kwa jumla, na liliwe ndani ya wiki moja. Lililofichwa uani kwenye nyasi likatafutwa, au lililopasuka ganda, usimpe mtu ale. Na ile kazi ya kutoboa yai bichi na kulipuliza kwa mdomo ili libaki ganda tupu, waachie watu wazima: yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela.

Kwa kuwa tumegusa hatari, mengine upesi. Macho ya plastiki, shanga, vifungo, chochote chenye upana usiozidi sentimita tatu, kiondoe mezani palipo na mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni, hata kama miaka mitatu ameivuka. Puto pia, zile za kuzungushia uzi wenye gundi zikawa yai kubwa: kipande cha puto lililopasuka kikimwingia mtoto kooni huziba kabisa. Hizo nyingine unazijua.

Turudi kwa wazazi wako. Yule wa kwanza amesema kweli kuhusu sungura, hayumo kwenye Injili yoyote. Habari za sungura anayeleta mayai zinatoka Ujerumani. Daktari Georg Franck von Franckenau aliziandika mwaka 1682, naye akiziona kama ngano za kuwapumbaza watoto. Mayai yana historia nyingine. Katika Ulaya ya zamani Kanisa lilikataza mayai wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawakuarifiwa. Walitaga kama kawaida, na Pasaka ilipofika mayai yalikuwa tele na watu walikuwa na hamu nayo. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza aliagiza mayai 450 mwaka 1290, yakapakwa rangi na mengine kufunikwa kwa dhahabu, ya kugawa kwa watu wa nyumba yake. Wakristo wa Orthodox kule Ugiriki hupaka yao rangi nyekundu kuikumbuka damu ya Kristo, na wengi huliona ganda gumu kama kaburi lililofungwa, lenye uhai ndani. Unaweza kumwambia mzazi huyo hayo ya mayai kwa upole. Akikataa bado, ni haki yake. Mwanawe akae meza ya kaburi.

Mimi ningeweka meza mbili siku hiyo, moja ya kaburi na msalaba, nyingine ya mayai, vifaranga na vipepeo, na siku mbili kabla ningepeleka ujumbe mfupi kwa wazazi wote kueleza kilichoko kila meza. Mtoto ambaye mzazi wake hana neno achague mwenyewe. Sungura nakushauri umpumzishe mwaka huu. Si kwa ajili ya mzazi yule, ni kwa ajili ya masikio yake.

Wale wako wanaokaribia sita watachoka haraka na kuchana. Wape vikapu vya kusuka: karatasi moja iliyochanjwa mistari katikati, na vipande vyembamba vya rangi nyingine vya kupitisha juu, chini, juu, chini. Friedrich Fröbel aliyefungua shule yake ya watoto wadogo Bad Blankenburg, Ujerumani, mwaka 1837, aliwasukisha watoto karatasi hivyohivyo, pamoja na kukunja na kufinyanga udongo, na hadi leo ni kazi inayomtuliza mtoto mwenye haraka. Mikasi minne mizuri inawatosha hao. Miwili isiyokata itupe leo. Mkasi butu humfanya mtoto aamini kwamba yeye ndiye asiyeweza.

Na sasa jambo lililokufanya uandike. Vitu hivi vyote vitatoka vibaya, mwanangu. Nazungumza kwa macho ya mtu mzima. Kaburi litaegemea upande, kifaranga atakuwa na macho matatu, kipepeo atakuwa doa la kahawia kwa sababu mtoto alichanganya rangi zote saba. Mkono wako utawasha kutaka kurekebisha. Uweke mfukoni. Jina la mtoto liandike nyuma ya karatasi, kabla hajaanza, usije ukaandika juu ya kazi yake. Usimuulize "Hiki ni nini?", maana swali hilo humwambia kwamba hakifanani na kitu. Mwambie "Nisimulie," kisha andika maneno yake, kama alivyoyasema, kwenye kikaratasi kidogo ukibandike chini. Mzazi atakayeuliza mbona ya mwanawe ni doa tu, atasoma: "Huyu kipepeo alinyeshewa mvua akiwa anakuja kanisani." Nimewaona akina baba wakikunja doa kama hilo na kulitia kwenye pochi.

Yule mtoto alijua alichokuwa anafanya, au hakujua, haidhuru. Alipaka gundi, akachagua mahali, akabonyeza. Ulipobandua ukabaki na sungura wako wa 17, na yeye hakuwa na wake. Aliposema "Huyu si wangu" alikuwa anataja mwenye mali.

Kesho asubuhi, kabla wenzake hawajajaa, piga magoti urefu wenu ulingane, umwambie: "Uliniuliza kama nitabandua tena. Sitabandua. Mwaka jana nilikosea, samahani." Usiongeze maelezo. Kisha mtoe yule sungura kabatini, umpe pamoja na kifuniko cha gundi, halafu nenda kapange viti.